WatchAFL ukiwa Tanga: inatosha kwa mtu anayetaka kubishana mbinu?

Kama unachotaka ni kuona mechi za mpira wa Australia tu, WatchAFL inatosha, na hakuna sababu ya kuendelea kuhangaika na viungo vya wizi vinavyokatika katikati ya robo. Kama unataka kujua nani alimwacha mtu wake, kwa nini beki alipiga mfupi badala ya mrefu, na kocha alibadili nini baada ya mapumziko, huduma hii inakupa nusu ya jibu. Nusu ya pili unaitafuta mwenyewe kwa kurudisha picha na kalamu mkononi. Tathmini hii inahusu zaidi hiyo nusu ya pili, kwa sababu ubishi mwingi wa barazani kuhusu timu ya Brisbane Lions ni ubishi juu ya mambo ambayo kamera haikuyaonyesha.

Kwanza huduma yenyewe. WatchAFL ni huduma rasmi ya AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia, kwa watazamaji walio nje ya Australia. Inaonyesha mechi moja kwa moja, inaweka marudio kamili na mechi zilizofupishwa, na ndani yake kuna chaneli ya Fox Footy yenye vipindi vya uchambuzi. Unalipa kwa kadi ya benki iliyoruhusiwa kufanya malipo ya mtandaoni. Kadi nyingi huja zikiwa zimefungwa kwa malipo ya nje, kwa hiyo hakikisha na benki yako kabla ya siku ya mechi. Bei itazame kwenye ukurasa wa malipo, na ukumbuke kwamba benki itabadilisha fedha kwa kiwango chake yenyewe, kwa hiyo shilingi zitakazokatwa hazitalingana kabisa na hesabu yako. Jambo moja linawakwamisha wengi: VPN, programu inayoficha uko nchi gani. Ukiwa Tanga huihitaji, na ukiiwasha ikaonyesha kwamba uko Australia, huduma itakukatalia, maana haiuzwi kwa watu walioko huko.

Saa ndiyo inayoleta kazi. Melbourne na Brisbane wako mbele yetu kwa saa saba kwa sehemu kubwa ya msimu. Melbourne huongeza saa moja wakati wa kiangazi chao, hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili, ilhali Brisbane haibadili saa kabisa, kwa hiyo mwezi Machi angalia mechi inachezwa mji gani kabla ya kupiga hesabu. Perth tofauti ni saa tano tu. Mechi kubwa ya Ijumaa usiku huanza kwao karibu saa 1:40 usiku, ambayo kwetu ni saa 6:40 mchana. Maana yake robo ya kwanza na ya pili zinaangukia sala ya Ijumaa, na kwa mji kama Tanga hilo linamaliza mjadala: mechi ya Ijumaa utaiona kwa marudio. Panga hivyo tangu mwanzo. Zima arifa za programu ya ligi kwenye simu tangu asubuhi, usifungue YouTube, na ukirudi msikitini nenda moja kwa moja kwenye marudio kamili. Mechi za Jumamosi mchana za Melbourne kwetu ni alfajiri inayopambazuka, kama saa 12 na nusu. Fainali kuu ya Septemba, ambayo huanza saa 8:30 mchana kwao, huku ni saa 1:30 asubuhi. Huo ni muda mzuri kabisa: umeme mara nyingi upo, mtandao haujalemewa, na chai ya maziwa na mkate wa kumimina viko mezani.

Kuhusu bando: robo moja ni dakika 20 za mchezo, lakini saa husimama mpira ukitoka au goli likifungwa, kwa hiyo huchukua karibu nusu saa. Ukiweka na mapumziko, mechi nzima ni kama saa mbili na nusu. Picha safi inayovuta megabiti 5 kwa sekunde itakula GB 2.25 kwa saa, yaani zaidi ya GB 5 na nusu kwa mechi. Ukishusha hadi megabiti 1.5, mechi nzima ni kama GB 1.7. Kwa kutazama tu, hiyo ya chini inavumilika. Kwa mbinu haifai, kwa sababu katika picha pana namba za mgongoni hazisomeki, na bila namba huwezi kusema nani alikuwa wapi. Heshimu ukubwa wa skrini vilevile. Simu ni ya kujua matokeo. Kuanzia inchi 32 ndipo unapoanza kumtambua mtu aliye mbali na mpira.

Na hapo ndipo penye kasoro kubwa ya matangazo yenyewe. Uwanja wa AFL ni wa umbo la yai, urefu wake kati ya mita 135 na 185, upana kati ya 110 na 155. Linganisha na mita 105 kwa 68 za uwanja wa soka. Ndani yake kuna wachezaji 36, na hakuna sheria ya kuotea. Mshambuliaji anaweza kusimama mita tano kutoka kwenye milingoti ya mpinzani tangu mwanzo hadi mwisho, na beki anaweza kumwacha huko akaenda kusaidia kwingine. Kwa hiyo mbinu karibu zote zinafanyika mahali ambapo mpira haupo bado. Kamera ya televisheni inafuata mpira. Unamwona mpigaji, unamwona anayempigia, na watu wachache walio karibu nao. Wengine wote wako nje ya picha. Aliyezoea kukaa jukwaani Mkwakwani anajua tofauti: pale unaona mstari mzima wa mabeki wa Coastal Union ukipanda au ukichelewa kupanda, unaona winga aliyesahaulika upande wa pili kabla kiungo hajamwona. Kwenye skrini hilo linapotea, na AFL inapoteza zaidi ya soka kwa sababu uwanja ni mkubwa na watu ni wengi.

Chukua ubishi wa kwanza, ule usiokwisha: kwamba Lions wanachelewesha mpira. Timu hii ya kocha Chris Fagan imechukua ubingwa mara mbili mfululizo, 2024 kwa kuifunga Sydney Swans pointi 120 kwa 60 (goli moja ni pointi sita), na 2025 kwa kuifunga Geelong 122 kwa 75, na bado kuna wanaosema inacheza kwa woga kwa sababu hupiga pasi fupi za mguu pembeni pembeni. Sheria inaeleza kwa nini wanafanya hivyo. Mchezaji akidaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15 bila kuguswa, anapata haki ya kupiga bila kusumbuliwa. Tangu 2021 yule anayesimama mbele yake haruhusiwi hata kusogea pembeni, akisogea mpira unapelekwa mbele mita 50. Kila daka salama ni pumzi, na ni mpira ambao mpinzani hawezi kuugombania. Timu inayopenda vurugu na kugombania mpira chini inanyimwa chakula chake.

Lakini pasi hizo hazipigwi kwa ajili ya kupumzika tu. Mpinzani anayejilinda kwa kugawana maeneo anapanga watu wake kama wavu mbele ya mpira. Ukipiga pasi mbili upande mmoja, wavu wote unasogea upande huo. Ukibadili haraka kwenda upande wa pili, au ukaupenyeza katikati, unawakuta wakiwa bado wanakimbia. Hatari yake ni moja na ni kubwa: pasi ikinaswa karibu na milingoti yako mwenyewe, wenzako wote wametawanyika pembeni na hakuna wa kuziba. Ndiyo maana mbinu hii inategemea mpigaji wa nyuma kuliko kitu kingine. Dayne Zorko, ambaye miaka mingi alikuwa kiungo na mshambuliaji mdogo wa mbele, alipelekwa beki ya pembeni, na mwaka 2024 akiwa na miaka 35 akachaguliwa katika kikosi bora cha ligi kwa nafasi hiyo. Alipelekwa nyuma kwa ajili ya mguu wake, kasi haikuwa sababu.

Sasa rudi kwenye skrini. Zorko kadaka, anatazama, anasubiri, kisha anapiga pasi ya mita 20 pembeni. Mmoja atasema anapoteza muda. Mwingine atasema hakuna aliyejifungua mbele. Wote wawili wanakisia, kwa sababu kamera ilikuwa usoni kwa Zorko. Jibu lipo kwenye picha ya nyuma ya milingoti, ambayo matangazo huitumia mara chache, hasa baada ya goli. Kwenye marudio, usiruke sekunde zile baada ya goli. Hapo ndipo wanapoweka picha ya pembe ya pili, na mara nyingi inaonyesha njia nzima iliyofunguka.

Ubishi wa pili unahusu Harris Andrews, beki mrefu wa kati. Kazi yake ni kumwacha mtu wake na kwenda kunasa mipira mirefu, ama kwa kudaka ama kwa kuipiga ngumi itoke. Mtu aliyeachwa akifunga, lawama zote zinamwangukia. Mara nyingi si haki. Beki anayenasa anaishi kwa shinikizo la wenzake walio mbele. Mpigaji wa mpinzani akibanwa, mpira unapigwa juu juu bila lengo, na Andrews ana muda wa kusoma unaangukia wapi. Mpigaji akiachwa huru, anachagua mtu na kumpelekea kifuani, na hakuna beki duniani atakayefika. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu, rudisha picha hadi kwa aliyepiga na uulize swali moja: je, kulikuwa na mtu ndani ya hatua mbili tatu kutoka kwake? Hilo, kwa bahati nzuri, kamera inalionyesha vizuri kabisa. Ni eneo mojawapo ambalo WatchAFL inakupa ushahidi wote unaohitaji.

Kukaba mtu kwa mtu ni mada nyingine ya kelele. Lions humtumia Josh Dunkley mara nyingi kumganda kiungo hatari wa mpinzani. Wapenda takwimu hukimbilia idadi ya miguso, yaani mara ngapi mchezaji alitoa mpira kwa teke au kwa ngumi: kama nyota alizoea kupata 30 na leo kapata 18, Dunkley kafaulu. Hesabu hiyo ni ya haraka mno. Tazama alipata wapi. Miguso 18 yote katikati mwa uwanja, akitoka na mpira mbele, ni mingi kuliko 30 za nyuma za kurudishiana. Tazama pia aliyekaba alifanya nini mwenyewe. Mkabaji asiyegusa mpira anaifanya timu yake icheze pungufu. Wanaopenda mbinu hii hutaja mechi ya Agosti 2023, Finn Maginness wa Hawthorn alipombana Nick Daicos wa Collingwood akamaliza na miguso mitano. Mfano ni mzuri, ila wasisahau kusema kwamba Daicos aliumia goti siku hiyo hiyo.

Kwa raki, yule mrefu anayeruka kuupiga mpira unapoanzishwa, usibishane kwa idadi ya mipira aliyoigusa kwanza. Fainali ya 2024 ni somo. Oscar McInerney aliumia bega kwenye nusu fainali dhidi ya Geelong, akaingizwa Darcy Fort, huku Joe Daniher akimsaidia zamu zamu. Wengi waliona hapo ndipo Sydney watakapopenya. Lakini kuugusa kwanza hakuna maana kama mpira haukuangukia mtu wako. Viungo walio chini wakisoma vizuri anakopiga raki wa mpinzani, raki wako anaweza kushindwa kuruka na bado timu ikatoka na mpira. Unachohitaji kutazama ni walivyojipanga wale wanne wa kila timu walio katikati kabla mpira haujarushwa.

Na hapa ndipo njia bora ya kutumia marudio ya WatchAFL. Tangu 2019 sheria inataka kila timu, mpira unapoanzishwa katikati, iwe na watu sita kila upande wa mwisho na sita eneo la kati, na wanne tu kati yao ndani ya mraba uliochorwa katikati ya uwanja. Ni wakati pekee ambao unajua kwa hakika kila mtu yuko wapi, na kamera huwa imetulia. Kila goli linaleta mwanzo mpya. Fainali ya 2024 ilikuwa na magoli 27, na ukiongeza mianzo ya robo nne unapata nafasi zisizozidi 31 za kuona uamuzi wa kocha ukiwa wazi. Andika kwenye karatasi namba nne za Lions na nne za mpinzani kila mara, na nani alitoka na mpira. Ukifika robo ya tatu utaanza kuona mfululizo: nani anaingizwa timu ikizidiwa, nani anapelekwa mbele kupumzishwa, na je, Hugh McCluggage yuko ndani ya mraba au ametupwa pembeni kwenye winga. Karatasi hiyo inamaliza ubishi mwingi kuliko sauti kubwa.

Pia simamisha picha kila mpira unapoanzishwa na beki baada ya pointi moja ya pembeni, ile inayotolewa mpira ukipita kati ya mlingoti wa goli na mlingoti wa nje. Fainali ya 2025 ilikuwa na pointi hizo 23, Lions 14 na Geelong 9. Hapo picha huwa pana kwa sekunde chache. Hesabu walio ndani ya mita 50 za mpigaji, na angalia kama mpinzani kapanga watu wake kukaba kila mmoja au kukaa kwa maeneo. Wakikaba kila mmoja, tegemea teke refu pembeni kwa mtu mrefu. Wakikaa kwa maeneo, tegemea pasi fupi kwanza.

Kuna uamuzi mmoja wa fainali ya 2025 ambao bado unawagawa watu: Lachie Neale, nahodha mwenza wakati huo na mshindi wa Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili, 2020 na 2023, kuwekwa mchezaji wa akiba maalumu. Wakati huo kanuni ilikuwa wanne wa kuingia na kutoka benchi, na mmoja wa akiba ambaye akiingia, aliyetoka harudi. Neale alikuwa ametoka kuumia msuli wa nyuma wa mguu. Upande mmoja unasema ni kubahatisha katika siku kubwa ya mwaka: angeumia tena dakika ya pili, Lions wangebaki bila akiba. Upande wa pili una hoja nzito zaidi kwa maoni yetu. Kumwanzisha ni hatari kubwa kuliko hiyo, kwa sababu mguu usiohimili robo nne unaweza kuhimili mbili, na kumwingiza kiungo mwenye pumzi mpya dhidi ya watu waliokwisha kukimbia nusu mechi ni faida ambayo hakuna mazoezi yanayoweza kuileta. Mwisho wa siku tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilikwenda kwa Will Ashcroft, kiungo wa Lions, kwa mwaka wa pili mfululizo. Katikati ya uwanja hapakuwa na njaa.

Vipindi vya uchambuzi vya Fox Footy ndivyo vinavyostahili sehemu kubwa ya pesa ya mpenda mbinu. Huko ndiko picha za nyuma ya milingoti zinapoonyeshwa kwa utulivu, mishale ikichorwa, mtu aliyechelewa kurudi akizungushiwa duara. Kiingereza chao ni cha haraka na kimejaa maneno ya mtaani ya Melbourne, hivyo ukiwa na wenzako, mmoja asimamishe na kueleza. Takwimu zipate bure kwenye programu ya ligi yenyewe, huna haja ya kulipia. Angalia mara ngapi timu iliingiza mpira ndani ya mita 50 za milingoti ya mpinzani na ikapata magoli mangapi, na madaka yaliyonaswa kutoka kwa mpinzani. Idadi ya miguso iache iwe ya mwisho.

Kasoro ndogo ndogo: matangazo ya moja kwa moja huchelewa nyuma ya hali halisi, kwa hiyo ukiwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu anayefuata matokeo kwa programu, atakuharibia. Umeme ukikatika, ruta hupoteza muda kuwaka upya kuliko televisheni, na betri ndogo ya volti 12 ya kuiwekea ruta peke yake inasaidia ikiwa televisheni nayo ina chanzo chake.

Kwa anayeanza, usilipe mwaka mzima. Lipia kipindi kifupi mwezi Septemba, wakati wa mechi za mtoano. Timu ni chache, kila kocha ameshaonyesha karata zake, na vipindi vya uchambuzi vinatumia wiki nzima kwa mechi chache badala ya kugawana mechi tisa. Watu wanne au watano wa mtaa mmoja wakichangiana, wakakaa mbele ya skrini moja kubwa na bando moja, gharama inashuka hadi bei ya vikombe vichache vya kahawa kwa mechi. Anayefuatilia Lions msimu mzima, kuanzia Machi, na yuko tayari kutazama marudio ya Ijumaa jioni baada ya magharibi, malipo ya muda mrefu yanamlipa.